Nyika ya Kazakhstan: dhana potofu na ukweli wake

Karibu kila kosa linaloandikwa kuhusu nyika za Asia ya Kati lina mzizi mmoja: kudhani kwamba ile ni ardhi tupu, isiyo na mwenyewe. Kosa hilo halikubaki vitabuni tu. Serikali zililifanyia kazi, na watu wakalilipia.

"Kazakhstan yote ni uwanda wa nyasi."

Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.7, na anayeivuka kutoka kaskazini kwenda kusini hupita mikanda kadhaa. Kwanza kuna nyasi zilizochanganyika na vijisitu vya mibetula, halafu nyika yenye udongo mweusi, kisha nyika kavu ya udongo wa kahawia. Baada ya hapo huja nusu jangwa, na mwisho majangwa kamili kama Betpak-Dala na Kyzylkum. Kaskazini hupata mvua na theluji ya milimita 300 hivi kwa mwaka. Betpak-Dala hupata nusu yake au pungufu. Katikati kuna vilima vya Saryarka. Kusini-mashariki, kilele cha Khan Tengri kinakaribia mita 7,000, na magharibi bonde la Karagiye liko mita 132 chini ya usawa wa bahari.

Baridi nayo haimaanishi kwamba hakuna joto. Bahari kuu ziko mbali mno kuweza kuipoza au kuipasha moto nchi, hivyo mji mkuu, Astana, huweza kushuka chini ya nyuzi 30 hasi Januari na kupita nyuzi 30 Julai.

"Wafugaji walitangatanga ovyo."

Hii ndiyo dhana iliyoleta madhara makubwa kuliko zote. Mfugaji wa nyika za Afrika Mashariki hufuata mvua. Wa Kazakhstan alipanga mwaka wake kwa theluji: wapi itakuwa nyembamba, wapi upepo utaipeperusha. Kila ukoo ulikuwa na njia yake iliyotambuliwa na majirani, kaskazini kiangazi na kusini wakati wa baridi, na baadhi ya koo zilisafiri kilomita mia kadhaa kwenda tu. Malisho yalikuwa manne: qystau ya majira ya baridi, kökteu ya machipuko, zhailau ya kiangazi na küzeu ya vuli.

Yaliyogombaniwa hasa ni ya baridi. Qystau nzuri ilikuwa bonde la mto lenye matete, au vilima vya mchanga vya Moyynkum, mahali penye kinga ya upepo na kuni. Kiangazi mifugo haikuruhusiwa kuigusa, ili nyasi zikauke zikiwa zimesimama. Msafiri aliyepita Julai akaona malisho hayana mnyama hata mmoja aliandika kwamba ardhi haitumiki. Kumbe ilikuwa ghala.

Theluji ikishaanguka, farasi hutangulizwa. Huifukua kwa kwato na kula sehemu ya juu ya nyasi, kisha kondoo hupita nyuma yao kula kilichobaki. Kondoo wakiachwa peke yao kwenye theluji nene huchoka kabla ya kushiba. Uzazi nao ulipangwa. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, kwa hiyo kondoo dume alifungwa tumboni kipande cha manyoya yaliyogandamizwa, kiitwacho küyek, mpaka vuli inapokaribia kwisha, ili wana-kondoo wazaliwe Aprili. Akifunguliwa mapema, wanazaliwa kwenye baridi na kufa.

Balaa lililoogopwa zaidi ni zhut. Katikati ya baridi joto hupanda ghafla, theluji inayeyuka au mvua inanyesha, kisha baridi kali inarudi usiku ule ule. Juu ya nyasi hutanda ganda la barafu ambalo hata kwato za farasi hazilivunji. Mifugo hufa na chakula kikiwa sentimita chache chini ya midomo yao. Kinga ilikuwa kuhama haraka, na kumiliki aina kadhaa za mifugo.

"Njaa ya 1930–1933 ilisababishwa na hali ya hewa."

Hali ya hewa haikusaidia, lakini chanzo kilikuwa amri. Dola ya Kisovieti ililazimisha wafugaji kukaa mahali pamoja, ikakusanya mifugo kwenye mashamba ya pamoja yasiyo na mazizi wala akiba ya majani makavu, na bado ikadai mgawo wa nyama na nafaka. Wanyama walioishi kwa kuhama walizuiwa kuhama. Takriban sehemu tisa kwa kumi ya mifugo iliangamia. Watu wapatao milioni 1.5 walikufa, wengi wao Wakazakhi, na Wakazakhi waliokufa walikuwa zaidi ya theluthi moja ya Wakazakhi wote. Mamia ya maelfu walikimbilia China na jamhuri jirani.

"Udongo mweusi hauhitaji ufundi: lima tu."

Mwaka 1954 kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, alianzisha kampeni ya kulima "ardhi bikira". Nchini Kazakhstan pekee, hekta zipatazo milioni 25 zilipinduliwa kwa plau ndani ya miaka michache. Mavuno ya 1956 yalikuwa makubwa sana, na hayo ndiyo yaliyowadanganya wakubwa. Plau hupindua tabaka la juu na kuzika mizizi iliyolishikilia. Likikauka, upepo wa nyika hulibeba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 dhoruba za vumbi zilikuwa zimekwisha haribu mamilioni ya hekta.

Dawa ilitoka Shortandy, kaskazini mwa Astana, kwenye taasisi ya mtaalamu wa kilimo Aleksandr Barayev. Plau iliwekwa kando na mahali pake pakachukuliwa na visu bapa vinavyokata mizizi chini ya ardhi bila kugeuza udongo. Mabua ya ngano yaliachwa yamesimama. Huvunja nguvu ya upepo na kunasa theluji, na theluji hiyo ndiyo maji ya kwanza ya mbegu. Upandaji ulisogezwa hadi nusu ya pili ya Mei. Ngano iliyopandwa mapema hukutana na ukame wa Juni ikiwa katika hatua inayohitaji maji zaidi, na shamba huvamiwa na magugu ambayo hayakupata muda wa kuota na kung'olewa kabla ya kupanda.

"Majaribio ya nyuklia yalifanyika pasipo na watu."

Karibu na mji wa Semipalatinsk, kaskazini-mashariki mwa nchi, yalifanyika majaribio 456 kati ya 1949 na 1989. Vijiji vilikuwepo. Siku ya mlipuko wa kwanza, 29 Agosti 1949, upepo ulipeleka vumbi la mionzi hadi kijiji cha Dolon. Eneo hilo lilifungwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1991.

"Gagarin aliruka kutoka Baikonur."

Jina ndiyo, mahali siyo. Kituo alikorukia Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, kilijengwa Tyuratam, stesheni ya reli kando ya mto Syr Darya. Kijiji cha asili chenye jina la Baikonur kiko kilomita 300 hivi kaskazini-mashariki; Wasovieti walilitumia jina lake kuficha eneo halisi.

"Swala saiga wamekwisha."

Mei 2015 zaidi ya 200,000 walikufa katika wiki chache, wakiwa wamekusanyika kuzaa. Muuaji alikuwa bakteria *Pasteurella multocida*, ambaye kwa kawaida hukaa mwilini mwao bila madhara. Safari hii joto na unyevu usio wa kawaida vilimwamsha. Lakini saiga jike mara nyingi huzaa mapacha, na ulinzi dhidi ya majangili uliimarishwa. Kufikia 2023 walihesabiwa karibu milioni 1.9 nchini Kazakhstan, na mwaka huo huo wakaondolewa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sasa wakulima wa magharibi mwa nchi wanalalamika kwamba saiga wanawamalizia malisho na mazao.