Mbio Isiyokuchosha Nayo Ni Mazoezi

Nimeulizwa tena wiki hii, na mwanakikundi mpya: "Kocha, mbona tunakimbia polepole hivi? Hata jasho halijanitoka." Swali hili nimelijibu barabarani, kwenye simu, hata matangani. Leo naliandika.

Imani yenyewe ni kwamba usipohema hujafanya kitu. Imeumiza wakimbiaji miaka yote, lakini mwaka 2020 ilizidi.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Kafyu ilianza hapa Kenya tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sisi wanariadha wa ridhaa wa Nairobi, tuliozoea kukimbia kabla hakujakucha au baada ya kutoka kazini, tukabanwa. Mashindano yakafutwa moja baada ya jingine, hadi marathoni ya Boston kule Marekani, mbio zilizoanza 1897. Hapo wakimbiaji niliowajua wakagawanyika mafungu mawili. Wa kwanza, kwa kiu ya mashindano, waligeuza kila asubuhi kuwa shindano: leo kilomita 5 za kasi, kesho 10 za kumpiku fulani kwenye programu ya simu. Wa pili walikimbia taratibu tu, karibu kila siku, kwa sababu hakukuwa na medali ya kukimbilia. Masharti yalipolegezwa, wa kwanza walikuwa wanauguza miundi na kano za visigino. Wa pili walikuwa wanakwenda kasi zaidi kwa mapigo yaleyale ya moyo.

Sababu zinajulikana, sitazirefusha. Mbio nyepesi zikiwa nyingi, majimaji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu zaidi kwa pigo moja, misuli huota kapilari (vijishipa vyembamba vya damu) na mitokondria (vijinu vya nishati ndani ya seli), na mwili huzoea kuchoma mafuta ili glikojeni, sukari iliyohifadhiwa mwilini, isiishe mapema. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba pumzi hutangulia, kano na mifupa hufuata nyuma sana. Baada ya wiki chache mapafu yako tayari kwa lolote. Kano zinadai miezi. Anayeumia mara nyingi ni yule anayejisikia vizuri.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi. Mtu akishakubali kukimbia polepole, bado hakimbii polepole. Anapunguza kidogo tu, anaangukia mwendo wa katikati: wa kasi kiasi cha kumchosha, lakini si wa kasi kiasi cha kumfunza mwili kitu kipya. Anarudi nyumbani ameloa jasho na ameridhika. Kesho miguu ni mizito, kwa hiyo siku ya kazi ngumu nayo anaifanya nusunusu. Wiki nzima inakuwa ya rangi moja.

Fanyeni hesabu. Wakimbiaji wa Iten, mji wa wanariadha katika Bonde la Ufa, wanaomaliza marathoni kwa dakika tatu na sekunde chache kwa kilomita, siku nyepesi huanza kwa dakika tano au zaidi, mwendo ambao wewe na mimi tungeumudu kwa muda. Wewe unayeshindana kwa dakika tano na nusu, siku yako nyepesi unaikimbia kwa dakika ngapi? Nikiuliza hivyo, wengi hunijibu tano na sekunde hamsini. Bingwa anaacha pengo la karibu dakika mbili, wewe sekunde ishirini, kisha unaniambia mimi ndiye ninayekuchelewesha!

Saa ya mkononi haitakuokoa. Nyingi hukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kutoa umri wako kwenye 220, na hesabu hiyo inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini. Mimi hutumia maneno. Tukipanda kilima katika msitu wa Karura, namuuliza mtu habari za watoto. Akinipa kisa kizima cha mtihani wa kitinda mimba, mwendo ni sawa. Akianza kunijibu "wazima" na "ndiyo", namwambia atembee hadi juu. Ndiyo, atembee. Hapo ndipo wengine huhama kikundi, nami siwazuii.

Sisemi kazi ngumu iachwe. Kikundi cha bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge kule Kaptagat kinajulikana kwa ratiba yake: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi fatleki, yaani kubadilisha kasi na polepole ndani ya mbio moja. Siku hizo zinauma kweli, na zinabebeka kwa sababu nyingine ni nyepesi kweli.

Nina mashaka mawili, na ni haki niyataje. Ule uwiano maarufu wa asilimia 80 nyepesi na 20 ngumu, ambao mtafiti wa michezo Stephen Seiler aliueleza, ulitokana na kuwatazama mabingwa, watu wanaofanya mazoezi saa nyingi kila wiki. Kwa mtu wa kilomita 40 kwa wiki, sina uhakika kwamba uwiano unabaki uleule. Pengine anaweza kubeba ugumu zaidi kidogo, kwa kuwa siku zake za mapumziko ni nyingi.

La pili linanisumbua zaidi. Wale wa fungu la pili hawakukimbia polepole tu. Waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani hawakuamka saa kumi kuwahi matatu, hawakukaa kwenye foleni ya Thika Road, walilala na walikula kwa wakati. Huenda usingizi ndio uliofanya nusu ya kazi. Mkimbiaji wa Uganda Joshua Cheptegei naye alikaa kwao Kapchorwa miezi bila shindano, kisha Agosti 2020 akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco, 12:35.36, na Oktoba ile ya mita 10,000, Valencia. Watu humtaja kama ushahidi wa wanachokitaka. Mimi naona tu kwamba kukosa mashindano hakukumharibia.

Kwa hiyo anayebisha ninamwomba jambo moja. Chagua njia tambarare, ikimbie kwa mapigo 140, au mengine utakayoyamudu ukiongea, na uandike muda. Wiki kumi zinazofuata kimbia nyepesi, isipokuwa siku moja ngumu kila wiki, na usibadilishe saa za kulala. Kisha rudi njia ileile, asubuhi yenye baridi kama ile, kwa mapigo yaleyale, uniletee muda wako.