Saa Moja ya Msumeno Ina Thamani Gani?

Chukua kiwanda kinachotengeneza meza na viti. Meza moja ina faida ya 60, kiti 25. Meza huchukua saa 3 za msumeno, kiti saa 1. Kwenye rangi, kila kimoja saa 1. Kwa wiki msumeno una saa 120, rangi saa 80. Watengeneze nini?

Wengi hujibu haraka: meza, kwani ndiyo yenye faida kubwa. Wakitengeneza meza peke yake watapata 40, faida 2,400. Viti peke yake ni 80, faida 2,000. Lakini meza 20 na viti 60 huleta 2,700, na hakuna mpango mwingine unaofika hapo. Mashine ni zilezile, mafundi ni walewale.

Hesabu ya aina hii ilianzia kiwandani. Mwaka 1938 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, alipelekewa swali la watengeneza plaiwudi: kazi igawanywe vipi kati ya mashine zao? Mwaka 1975 yeye na mchumi Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa mchango wao katika nadharia ya kugawa rasilimali.

Ninachotamani kila meneja akione ni hiki: modeli, yaani hesabu kama hii, haikupi mpango tu, inakupa pia thamani ya kila kikwazo. Wachumi huiita bei kivuli. Hapa, saa moja zaidi ya msumeno inaongeza faida kwa 17.5, ya rangi, kwa 7.5 tu. Kama ovataimu inaongeza gharama ya 10 kwa saa, walipe wa msumeno, wa rangi waende nyumbani. Uamuzi huo kwa kawaida huishia kwa anayelalamika zaidi kikaoni.

Kompyuta yenye programu ya lahajedwali, kama Excel, inatosha kwa hesabu hii. Kazi iko kwenye takwimu, na hapo ndipo nimeona modeli nyingi zikiharibika. Zile saa 120 zilitoka wapi? Mara nyingi ni saa za zamu, hazikupunguzwa muda wa kubadilisha meno ya msumeno wala wa kusubiri mbao. Simama pale na saa mkononi wiki nzima. Ukikuta msumeno unakata kwa saa 100 tu, mpango bora unakuwa meza 10 na viti 70, faida 2,350. Nusu ya meza ulizowaahidi wateja hazitatoka.