Unasoma jioni na huna kazi? Nauli ni karo ya pili

Anayeanza kozi ya jioni bila kazi huuliza karo kwanza, na ni sawa. Lakini karo unaweza kuomba ulipe kidogokidogo. Makanga hangoji. Ndiyo maana nasisitiza nauli ipigiwe hesabu kabla hujajaza fomu.

Chukua mtu wa Ahero anayesoma Kisumu mjini jioni tatu kwa wiki, wiki 12. Hizo ni siku 36. Tuseme matatu ya kwenda ni shilingi 100. Wengi huzidisha mara mbili, wanapata 200 kwa siku, jumla 7,200, wanaridhika. Kumbe darasa likiisha saa mbili usiku steji imejaa watu na nauli imepanda, tuseme 150. Ukishuka, giza limeingia na huwezi kutembea hadi nyumbani, kwa hivyo boda 50. Siku moja imekula 300, na kozi nzima 10,800. Zile 7,200 zitaisha siku ya 24, mwisho wa wiki ya nane, ukiwa umebakiza wiki nne.

Kwa hivyo usianze kwa kutafuta pesa zaidi, anza na ratiba. Kama kila jioni ni saa tatu za masomo, muulize msajili kama saa hizohizo tisa za wiki zinaweza kugawanywa: saa sita Jumamosi na saa tatu jioni moja. Siku zinakuwa 24, na hata ukitumia 300 kila siku, zile 7,200 zinatosha. Jumamosi unarudi mchana, unaweza hata kuiacha boda. Ratiba hiyo uipate kwa maandishi, maana ya mdomo hubadilika muhula ukianza.

Weka pia akiba ya siku mbili tatu. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, tarehe 14 kila mwezi, na ikipanda, nauli hufuata. Shule zikifunguliwa au Desemba ikikaribia, hupanda hata bila mafuta kuguswa.

Kuhusu basari, watu hukosea hapa. Hundi ya basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huandikwa kwa jina la chuo, si lako, kwa hivyo haitakupandisha matatu. Iombe hata hivyo, kwa ajili ya karo, ili zile pesa nyumbani walizokuwa wamekuwekea za karo ziende kwa nauli. Kaunti ya Kisumu ina maeneo bunge 7, na kila moja lina ofisi yake: nenda ya kwenu, si ile iliyo karibu na chuo. Beba barua ya kujiunga, muundo wa karo wenye muhuri, nakala ya kitambulisho, na uwe tayari kutafuta sahihi ya chifu. Fomu nyingi hukwama kwa muundo wa karo usio na muhuri.

Na tafadhali, usipande matatu kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha. Inakata asilimia 1 ukikopa, kisha ada ya kila siku deni likizidi 100. Ubaya mkubwa ni huu: shangazi akikutumia 500 ya nauli Jumatatu asubuhi, Fuliza inajilipa kwanza kabla hujagusa chochote. Unasoma ujumbe wa M-Pesa ukiwa steji, salio ni 180, na wiki ndiyo inaanza. Kama tayari unadaiwa, mweleze shangazi ukweli kabla hajatuma, mpange pamoja.

Pesa zikiisha kabisa katikati ya kozi, usipotee kimya. Mwone mwalimu mapema, umuulize siku ya kazi za karakana ni ipi, na nauli iliyobaki uitumie siku hiyo. Nadharia mwenzako anaweza kukupigia picha daftari lake akutumie. Waya uliofungwa au kitambaa kilichokatwa mwalimu lazima aone mkono wako ukikifanya ndipo akutie alama.