Projekta na ule ukuta wa inchi 120

Mitaa ya Ngamiani, Tanga, utasikia: ya nini televisheni ya inchi 55 wakati projekta ya bei chee inatoa inchi 120 ukutani? Inatoa, ndiyo, ila mwanga ni uleule. Ukikuza picha mara 2 kwa upana na kimo, eneo huwa mara 4, na kila sehemu hubaki na robo ya mwanga. Tena projekta hairushi weusi. Weusi wake ni ukuta wenyewe. Mechi ya saa kumi alasiri, madirisha wazi kupata upepo wa bahari, utaona vivuli tu. Na boksi likiandika “inakubali 4K”, yaani picha yenye nukta nyingi sana, mara nyingi maana yake inaipokea tu, kisha inaionyesha kwa nukta chache. Uliza nukta halisi, huenda ni 1280 kwa 720. Kwa filamu za usiku, haya, nunua.