Je, wajua kwa nini mgonjwa wa kilo 90 ni mzito kuliko gunia la kilo 90?

Hamali wa sokoni huinama, wenzake humtwika gunia la mahindi la kilo 90, naye huondoka nalo hadi kwenye lori. Mgonjwa mwenye uzito uleule huwatoa jasho wauguzi watatu, na kesho yake mmoja wao huamka kiuno kimekaza.

Gunia likiwa mgongoni, uzito wake umelala karibu kabisa na uti wa mgongo. Mgonjwa yuko katikati ya kitanda, nawe umesimama ukingoni, umeinama, mikono mbele. Misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 tu kutoka kwenye pingili, ilhali mzigo uko sentimita 50 mbele. Ni hesabu ya wenzo: kilo 20 mikononi huidai misuli nguvu ya kilo 200, na nguvu hiyo huzibana diski za kiuno, yaani vile vimto laini vilivyo kati ya pingili. Hapo sijahesabu uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe kilichoinama.

Tena gunia halishtuki. Mgonjwa hushtuka, hukukamata shingo, au miguu humwisha nguvu ghafla. Ndiyo maana mwaka 2007 Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, alipendekeza kikomo cha kilo 16 hivi kwa anayeinua mgonjwa kwa mikono. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 90 una kama kilo 14!

Kwa hiyo usimwinue, mtelezeshe. Wodi yenye mashine ya kunyanyulia wagonjwa iitumie. Isiyo nayo ina shuka. Funga breki za kitanda, shusha upande wake wa kichwani ulale bapa, pitisha shuka chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani. Wawili kila upande waikunje kingo hadi karibu na mwili wake, mmoja ahesabu, kisha wote wavute kuelekea kichwani mwa kitanda kwa kuhamisha uzito wao kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Ndugu waliokuja kuuguza, nawasihi msimvute kwa makwapa. Bega la aliyepooza upande mmoja huteguka kwa urahisi mno. Kabla ya yote, muulizeni mwenyewe: akikunja magoti na kusukuma kwa visigino mnapohesabu, mzigo hupungua sana.