Ncha ya moto iwe juu

Adui yangu wa kwanza hapa Mombasa ni hewa. Kata kipande cha sodiamu mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto: uso wake hung'aa kama fedha, ukigeuka umeshafifia. Ndiyo maana tunaikata ndani ya sanduku lililojaa agoni, gesi isiyoigusa sodiamu, jasho likitutiririka ndani ya glavu.

Ninachokitafuta humo ni metali ngeni, chache mno, pengine atomu moja katika milioni. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 hivi za Selsiasi. Ipashe moto upande mmoja, upande wa pili uuache na ubaridi wake, na atomu zile ngeni hazikai sawasawa tena. Baadhi ya metali husogea kwenye moto, nyingine huukimbia. Charles Soret wa Uswisi alilichunguza jambo hili katika maji ya chumvi mwaka 1879, na Carl Ludwig alikuwa ameliona tangu 1856. Leo huitwa athari ya Soret.

Kulipima ndiko kunakotoa roho. Katika mrija wa sentimita 5 joto hutulia kwa sekunde chache tu, kwa sababu sodiamu hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko maji. Atomu nazo zinataka siku kadhaa. Katika siku hizo majimaji yakijizungusha hata kidogo, kila kilichojitenga kimekorogeka upya. Basi mrija uwe mwembamba, usimame wima, na ncha ya moto iwe juu, ili sodiamu nyepesi ikae juu ya nzito. (Wanafunzi wangu hupasha chini, kama sufuria ya wali. Kila mwaka.) Mwishowe unaugandisha ghafla, unaukata vipandevipande, na kuhesabu mionzi ya kila kipande, kwa kuwa metali ngeni tunayoitia ni isotopu nururifu, yaani aina yake inayotoa mionzi; mizani haiwezi kuona uchache huo.

Wapo wanaosema hili ndilo linalohamisha manganizi-54, metali nururifu itokayo kwenye chuma cha kinu, katika mabomba ya vinu vya nyuklia vinavyopozwa kwa sodiamu, kama kinu cha BN-600 cha Urusi. Mimi sikubali. Humo sodiamu inakwenda mbio. Chuma cha pua cha kinu humumunyika kidogo kidogo ndani ya sodiamu penye moto, manganizi ikachukuliwa na mkondo hadi penye ubaridi, ikatua. Athari ya Soret nitaipa utando mwembamba unaogusa ukuta wa bomba, na vipembe ambamo sodiamu imetuama.