Mapafu ya kupandikizwa: eksirei safi haimaanishi kila kitu kiko sawa

Wengi wanaamini mtu akishapandikizwa mapafu na eksirei ikatoka safi basi ndo kapona, mambo yameisha. Hapana jamani. Eksirei ina kazi kubwa zile saa 72 za mwanzo, pafu jipya linapoweza kuvimba na kujaa maji, hapo madaktari wanaangalia ule weupe kwenye picha pamoja na oksijeni ya kwenye damu ili wajue hali ni mbaya kiasi gani. Ila baadae tatizo linabadilika: mwili unalikataa pafu taratibu, vijia vidogo vya hewa vinaziba kwa makovu, karibu nusu ya waliopandikizwa wanalipata ndani ya miaka 5, na eksirei inaweza isioneshe chochote.

Eti siti skani (ile picha ya kompyuta inayoonesha pafu kwa undani kuliko eksirei) ni siti skani tu? Sio kweli, na hili linaniuma kwa sababu wagonjwa wengi hawaelezwi. Ukipigwa picha umevuta pumzi pafu lote linaonekana jeusi, zuri tu. Ukipigwa umetoa pumzi, pafu zima linatakiwa liwe la kijivu, sasa pale panapobaki peusi ujue hewa imenasa, haitoki. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazolinganisha picha hizo mbili nukta kwa nukta. Kwa hiyo ukiambiwa "toa hewa yote, usivute", itoe kweli kweli.

Wengine wanasema kile kipimo cha kupuliza hewa kwa nguvu kwenye mashine kinatosha. Ni muhimu, tena sana, kikishuka 20% au zaidi kutoka kiwango chako bora na kisipande tena ndo wanaanza kushuku pafu linakataliwa. Lakini peke yake hakitoshi kukuambia ni aina gani ya kukataliwa. Kuna wagonjwa wanaoziba vijia vya hewa, na kuna ambao pafu lenyewe linakakamaa kwa makovu, mara nyingi sehemu ya juu, hawa wa pili kwa kawaida hali yao inakuwa mbaya haraka zaidi na picha ndo inawatofautisha. Na aliyepandikizwa pafu moja, akipuliza anapuliza na lile la zamani pia, majibu yanachanganyika.

Halafu kuna hofu kwamba picha ikiwa mbaya ndo hukumu. Weupe unaweza kuwa maambukizi tu, yanayotibika, ndo maana wanaingiza kamera kwenye njia ya hewa na kuchukua kipande kidogo cha pafu wakapime kabla hawajabadilisha dawa.